Barua ya wazi kwa Wizara ya Ulinzi: Fidia ya shingo kwa askari wastaafu wa Nachingwea na Ruangwa

Kwa: Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, Dodoma

Nakala: Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi, Wakuu wa Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, Muungano wa Wanajeshi Wastaafu Tanzania (MUWAWATA)

YAH: MADAI NA RUFAA ZA FIDIA YA ULEMAVU WA SHINGO

Maumivu ya shingo ni miongoni mwa majeraha ya kijeshi yaliyo magumu kuthibitishwa. Mguu uliokatwa na bomu la ardhini hauhitaji shahidi. Shingo iliyoumia haina kovu, mwenye nayo anatembea na kusalimiana na watu, na aghalabu maumivu hukomaa miaka mingi baada ya askari kuvua sare. Siku anapokwenda kudai, daktari anamwona mzee mwenye shingo ya kizee, na karatasi ambazo zingeonyesha alivyoumia zimo katika makabati ya jeshi, si nyumbani kwake. Barua hii inaeleza ugonjwa wenyewe, historia ya utumishi katika wilaya hizi mbili, namna dai linavyothibitishwa na namna rufaa inavyopaswa kusikilizwa. Ombi lake kwa Wizara ni moja, ingawa lina sehemu kadhaa: mzigo wa kuthibitisha usiachwe juu ya mzee asiye na karatasi, ilhali mwenye karatasi ni serikali.

Shingo na kazi ya askari

Shingo ina pingili saba. Baina ya pingili nyingi kuna sahani laini zinazopunguza mshtuko, na kutoka eneo hilo huchomoza jozi nane za mishipa ya fahamu inayokwenda mabegani, mikononi na vidoleni. Katikati ya pingili umepita uti wa fahamu, unaopeleka amri za ubongo hadi miguuni. Juu ya yote kuna kichwa, ambacho kwa mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano hivi. Kichwa kikiinamishwa mbele, nguvu inayoielemea shingo huongezeka mara kadhaa.

Kazi ya jeshi huongeza uzito huo kwa njia nyingi. Kofia ya chuma peke yake ina kilo moja hadi moja na nusu, nayo huvaliwa saa nyingi. Sanduku la risasi hubebwa begani au kichwani pale ambapo gari haliwezi kupita. Askari husafirishwa nyuma ya malori katika barabara za makorongo, na lori likipinduka au kufunga breki ghafla, shingo hurushwa mbele na nyuma. Wapo wanaoruka kwa miavuli, wapo wanaotupwa na mlipuko, na wapo wanaoanguka na mizigo migongoni wakati wa mazoezi ya usiku.

Uhusiano kati ya mzigo wa kichwani na ugonjwa wa pingili za shingo umeandikwa na madaktari kwa miongo mingi. Mwaka 1968 daktari wa upasuaji L. F. Levy, aliyekuwa akifanya kazi Salisbury, Rhodesia ya wakati huo, alichapisha katika jarida la British Medical Journal maelezo ya majeraha ya shingo kwa watu waliobeba mizigo mizito kichwani. Kubeba mizigo ya namna hiyo ndiyo kazi iliyofanywa na wanaume na wanawake wa kusini mwa Tanzania tangu zamani, jeshini na nje ya jeshi.

Kwa madhumuni ya fidia, matatizo ya shingo yako ya aina tatu. Ya kwanza ni ya misuli, kano na viungo: shingo hukakamaa, kichwa huuma kuanzia kisogoni, na kugeuka kunakuwa shida. Ya pili ni mshipa wa fahamu uliobanwa: maumivu huteremka mkononi, vidole hupata ganzi na kiganja hupoteza nguvu. Ya tatu, iliyo hatari kuliko zote, ni kubanwa kwa uti wa fahamu wenyewe. Mgonjwa hushindwa kufunga vifungo vya shati, mwandiko wake hubadilika, hutembea akiyumba, na baadaye anaweza kushindwa kuzuia haja. Mwenye dalili za aina hii ya tatu anahitaji rufaa ya haraka ya matibabu kabla ya kuzungumzia fidia, kwa sababu kuchelewa kunaweza kumwacha amepooza.

Utumishi wa watu wa Nachingwea na Ruangwa

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipiganwa katika ardhi hii. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 majeshi ya Uingereza na Ujerumani yalipambana Mahiwa, karibu na Nyangao, na mwezi uliofuata kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alivuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Chakula, risasi na majeruhi vilibebwa na wapagazi. Uingereza peke yake iliandikisha wapagazi na vibarua wapatao milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki, na waliokufa wanakadiriwa kukaribia 100,000, wengi wao kwa maradhi na uchovu. Mzigo wa kawaida ulikuwa na kilo 25 hivi, nao ulikaa kichwani. Wengi wa walionusurika walirudi vijijini bila kupimwa na bodi yoyote ya madaktari na bila karatasi mkononi. Katika Vita vya Pili, zaidi ya Watanganyika 80,000 walitumikia majeshi ya Uingereza, wengine wakifika Ethiopia, Madagaska na Burma.

Baada ya uhuru, Nachingwea ikawa mji wa kijeshi. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania tarehe 1 Septemba 1964. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 Nachingwea ilikuwa kituo kikuu cha mafunzo cha FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ambako Samora Machel aliongoza maandalizi ya wapiganaji hadi Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Mpaka wa kusini ulikuwa uwanja wa hatari katika miaka hiyo, na ulinzi wake uliwahusu askari na raia pamoja.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia Kagera, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuwa nchi imeingia vitani. Jeshi lilipanuliwa haraka, na makumi ya maelfu ya mgambo waliitwa kutoka mikoani. Sehemu kubwa ya njia ya kutoka Kagera hadi Kampala, iliyotwaliwa tarehe 11 Aprili 1979, askari wa miguu waliitembea wakiwa na silaha, risasi na chakula mwilini. Takwimu rasmi zinataja wanajeshi 373 wa Tanzania waliokufa. Waliorudi wakiwa wazima kwa macho, huku pingili zao zimeanza kuharibika, hawamo katika takwimu hizo.

Utumishi haukuishia hapo. Katika miaka ya 1987 na 1988 askari wa Tanzania walikuwa Msumbiji kuisaidia serikali ya huko dhidi ya waasi wa RENAMO. Tangu mwaka 2013 wanajeshi wa Tanzania wamekuwa katika brigedi maalumu ya Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo, na shambulio la Semuliki la tarehe 7 Desemba 2017 liliua na kujeruhi wengi wao.

Kwa hiyo wadai wa wilaya hizi si kundi moja. Yupo mwanajeshi wa kudumu mwenye namba ya jeshi, cheti cha kustaafu na pensheni inayolipwa na Hazina. Yupo mgambo wa mwaka 1978 aliyeitwa, akapigana, akaruhusiwa kurudi kijijini bila karatasi ya maana. Yupo kijana aliyeumia katika mafunzo ya JKT. Yupo mlinda amani, ambaye fidia yake ya ulemavu huombwa Umoja wa Mataifa na serikali iliyomtuma, si yeye mwenyewe. Utaratibu unaomtazama wa kwanza tu huwaacha nje hao wengine watatu.

Nguzo tatu za dai

Kwa kawaida, dai la ulemavu wa kijeshi husimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni hali ya sasa: daktari athibitishe kuwa shingo ina ugonjwa, autaje kwa jina na aeleze unamzuia mdai kufanya nini. Ya pili ni tukio au mazingira ya utumishi: ajali ya lori, mlipuko, kuanguka, au miaka ya kubeba mizigo mizito. Ya tatu ni uhusiano kati ya hayo mawili.

Nguzo ya kwanza ndiyo rahisi, lakini hata hiyo huanguka kwa sababu ya vyeti vya mstari mmoja. Cheti kinachosema tu kwamba mgonjwa ana maumivu ya shingo hakimsaidii mdai wala anayeamua. Cheti kinachofaa hutaja ugonjwa, pingili zinazohusika, nyuzi za kugeuka kwa shingo, nguvu ya mikono, sehemu zenye ganzi, dawa anazotumia mgonjwa, na kazi ambazo hawezi tena kuzifanya, kama kupalilia, kubangua korosho kwa kuinama, kuendesha baiskeli au kujitwisha ndoo.

Nguzo ya pili huanguka kwa kukosa kumbukumbu. Katika vita, askari aliyeumia shingo bila kuvuja damu alipewa dawa ya maumivu na kurudi kwenye kombania yake. Wengi hawakusema kitu kabisa, kwa kuwa kulalamikia shingo mbele ya wenzao wenye majeraha ya risasi kulionekana ni woga. Ukimya wa faili hauthibitishi kuwa tukio halikuwapo. Huthibitisha tu kwamba halikuandikwa.

Nguzo ya tatu ndiyo yenye mabishano makubwa, na hapo ndipo hoja ya uzee huingia.

Hoja ya uzee na ya shamba

Bodi inayompima mtu wa miaka 65 au 70 inaweza kusema kwa haki kwamba pingili za wazee wengi huchakaa, na kwamba mkulima wa Ruangwa amejitwisha magunia na kuni maisha yake yote. Ndoo ya lita 20 ya maji ina kilo 20, na watu wa vijiji visivyo na bomba huibeba mara nyingi kwa siku. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haimalizi shauri kwa sababu tatu.

Kwanza, picha ya eksirei huonyesha mfupa, haionyeshi sababu. Watu wengi wenye pingili zilizochakaa hawana maumivu, na wengine wenye maumivu makali wana picha isiyoonyesha makubwa. Kipimo cha MRI huonyesha sahani na uti wa fahamu vizuri zaidi, lakini nacho hakisemi uharibifu ulianza mwaka gani. Picha ni sehemu ya ushahidi, haiwezi kuwa hukumu.

Pili, swali la haki si kama utumishi ndio sababu pekee. Swali ni kama utumishi ulichangia kwa kiasi cha maana, au uliongeza ugonjwa uliokuwapo. Askari aliyeingia jeshini na shingo nzima, akaumia akiwa na miaka 24, akawa na maumivu ya kurudi-rudi tangu hapo, hawezi kuambiwa kwamba ugonjwa wake ulianza alipofikisha 60. Uzee ulilikuta jeraha pale lilipo.

Tatu, mtiririko wa dalili una uzito kuliko picha moja ya leo. Mke aliyemsikia mumewe akigumia usiku tangu arudi vitani, mwenzake wa kombania aliyekuwa kwenye lori lililopinduka, na mganga wa zahanati aliyempa dawa miaka ya 1980 ni mashahidi. Maelezo yao yakitolewa kwa hati ya kiapo yanapaswa kusomwa na kupimwa, na yakikataliwa, sababu iandikwe.

Kumbukumbu ziliko

Tatizo la kumbukumbu lina sura yake katika wilaya hizi. Mkoa wa Lindi ulianzishwa mwaka 1971 kwa kumegwa kutoka Mtwara. Vijiji vingi vilihamishwa na kubadilishwa majina wakati wa operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970. Ruangwa haikuwa wilaya mwaka 1978. Ilianzishwa katika miaka ya 1990, na kabla ya hapo sehemu yake ilihudumiwa kutoka Nachingwea. Hivyo mgambo anayeishi leo Ruangwa anaweza kuwa aliandikishwa Nachingwea, kwa jina la kijiji ambacho hakipo tena, katika orodha iliyopelekwa makao makuu ya jeshi. Kumwambia alete uthibitisho kutoka wilayani kwake ni kumtuma mahali ambapo karatasi haijawahi kukaa.

Sheria zilizopo zinatoa mlango. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka taasisi ya umma kumjibu mwombaji ndani ya siku 30. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuzipata taarifa zake mwenyewe. Siri za ulinzi wa taifa zinalindwa, na ni sawa zilindwe. Lakini faili la matibabu la mtu aliyestaafu, linaloonyesha kwamba alilazwa kwa sababu ya shingo, halifichui siri yoyote ya nchi. Mlinzi wa siri ya faili hilo ni mgonjwa mwenyewe, na ndiye anayeliomba.

Kipimo cha ulemavu

Ulemavu wa shingo hupimwa kwa uwezo uliobaki. Shingo nzima huinama mbele nyuzi 45 hivi na kugeuka kila upande nyuzi 80 hivi. Kipimo cha pembe, kinachoitwa goniometa, ni kifaa kidogo cha bei nafuu ambacho hospitali yoyote ya wilaya inaweza kuwa nacho. Bila kifaa hicho daktari hukisia kwa macho, na makisio ya madaktari wawili hutofautiana.

Kupima mara moja hakutoshi. Shingo ya mgonjwa huyu ina siku nzuri na siku mbaya, na aliyelazimika kusafiri kutwa nzima kwenye basi ili apimwe hufika akiwa katika hali isiyo ya kawaida yake. Upimaji wa haki huinamisha na kugeuza shingo mara kadhaa, huuliza maumivu yanaanzia wapi, na huuliza hali ikoje siku ambayo ugonjwa umekasirika. Ganzi na udhaifu wa mikono huhesabiwa peke yake, juu ya ukakamavu wa shingo, kwa sababu mtu anaweza kugeuza shingo vizuri huku mkono wa kulia hauwezi kushika jembe.

Mahali pa kupimia pana uzito pia. Kwa mkazi wa Nachingwea au Ruangwa, hospitali za karibu zenye huduma za kibingwa ni Ndanda wilayani Masasi, Nyangao, na Hospitali ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi. Taasisi ya Mifupa Muhimbili na Hospitali Kuu ya Jeshi Lugalo ziko Dar es Salaam. Mzee asiye na nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na mtu wa kumsindikiza, huacha dai lake likafa, na kutofika kwake hakupaswi kuandikwa kuwa ni kutokutaka kupimwa.

Uamuzi na rufaa

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kumsaidia mtu wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Ibara ya 13(6)(a) inatoa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufani au kupata nafuu nyingine ya kisheria dhidi ya uamuzi wa chombo kinachohusika na haki za mtu. Utumishi wenyewe na maslahi yake husimamiwa na Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966 na kanuni zake. Kanuni hizo zinapaswa kusomwa chini ya mwanga wa Katiba.

Rufaa haiwezekani bila sababu zilizoandikwa. Mdai akiambiwa kwa mdomo kwamba dai lake halikukubaliwa, hajui kama kilichokosekana ni uthibitisho wa ugonjwa, wa tukio au wa uhusiano, na hawezi kuziba pengo asiloliona. Barua ya uamuzi inapaswa kutaja ushahidi uliosomwa, nguzo iliyoanguka, sababu ya kuanguka kwake, mahali pa kukata rufaa na muda wake. Anayesikiliza rufaa asiwe yule aliyetoa uamuzi wa kwanza, na daktari wa bodi ya rufaa awe mwingine.

Nje ya jeshi pana njia ambazo wazee wengi hawazijui. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko dhidi ya mamlaka za umma bila malipo, na ina ofisi Lindi. Mahakama Kuu, ambayo ina masjala Mtwara, inaweza kuombwa kuupitia uamuzi wa kiutawala, lakini kibali cha kufungua maombi hayo huombwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi kutolewa. Muda huo ni mfupi kwa mtu anayesubiri barua isiyofika. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaoweza kumsaidia mdai kuhusu hati ya kiapo na barua ya rufaa.

Mfano wa ndani upo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015 chini ya sheria ya mwaka 2008. Ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia. Usiozidi 30 hulipwa kwa mkupuo, unaozidi hulipwa kila mwezi, na asiyeridhika ana ngazi za kuomba mapitio na kukata rufaa. Mgambo wa mwaka 1978 hawezi kudai huko, lakini misingi yake inaeleweka na inafaa kuigwa.

Nchi nyingine zinavyoamua

Marekani hupima shingo kwa nyuzi. Shingo isiyoweza kuinama mbele zaidi ya nyuzi 15 hupewa asilimia 30. Kati ya 15 na 30, asilimia 20. Kati ya 30 na 40, asilimia 10. Na matatizo ya mishipa ya fahamu huhesabiwa kando. Ushahidi wa pande mbili ukilingana uzito, sheria inaagiza mdai apewe. Sheria ya rufaa ya mwaka 2017, iliyoanza kutumika Februari 2019, inampa mdai njia tatu: kuleta ushahidi mpya, kuomba afisa wa ngazi ya juu apitie faili, au kwenda kwenye bodi ya rufaa.

Uingereza, kwa majeraha ya kabla ya tarehe 6 Aprili 2005, ina kanuni inayofaa kutazamwa kwa makini. Dai likiletwa ndani ya miaka saba tangu askari aache jeshi, serikali ndiyo inayopaswa kuthibitisha kwamba jeraha halikutokana na utumishi. Baada ya miaka hiyo, mdai huleta ushahidi wa kuaminika unaozua shaka ya msingi, na faida ya shaka huwa yake.

Karibu zaidi, Afrika Kusini ina Sheria ya Askari Wastaafu ya mwaka 2011 yenye bodi yake ya rufaa, na Kenya ilitunga sheria ya aina hiyo mwaka 2022. Msumbiji, ambayo wapiganaji wake walifunzwa Nachingwea, ina sheria ya mwaka 2011 inayotambua wapiganaji wa ukombozi na haki za walioumia. Mji uliowalea wapiganaji hao unastahili utaratibu ulio wazi kama huo kwa wenyeji wake.

Yanayoombwa

Wizara inaombwa kuchukua hatua hizi:

1. Mwongozo mfupi wa Kiswahili kuhusu madai ya ulemavu uchapishwe na kubandikwa katika ofisi ya kila Mshauri wa Mgambo wa Wilaya na ya kila Mtendaji wa Kata, ukieleza nguzo tatu za dai, vyeti vinavyotakiwa na muda wa rufaa.

2. Kazi ya kutafuta faili iwe ya jeshi. Faili lisipopatikana, mdai apewe barua inayosema hivyo, na upungufu huo usihesabiwe dhidi yake.

3. Ushahidi ukilingana, faida ya shaka iwe ya mdai, hasa kwa aliyetumika vitani, Msumbiji au katika ulinzi wa amani.

4. Hati za kiapo za wenzake wa kombania na za familia zipokelewe kuwa ushahidi. Orodha ya mgambo wa 1978 na 1979 ihakikiwe kijiji kwa kijiji wakati mashahidi wangali hai.

5. Bodi ya madaktari inayosafiri ifike Nachingwea na Ruangwa kwa ratiba inayotangazwa mapema, ikiwa na goniometa na fomu moja ya kupimia shingo. Anayehitaji picha zaidi apewe rufaa na nauli.

6. Kila uamuzi utolewe kwa maandishi yenye sababu, na rufaa isikilizwe na watu wengine ndani ya muda uliotajwa.

7. Mdai akifariki kabla ya uamuzi, mjane na watoto waruhusiwe kuendeleza dai hilo bila kuanza upya.

8. Kuanzia sasa, kila anayeacha jeshi au JKT apimwe shingo na mgongo, na aondoke na nakala ya faili lake la matibabu.

Nyingi kati ya hatua hizi hazihitaji sheria mpya. Zinahitaji waraka, fomu, gari la madaktari na watumishi wa kufungua makabati. Kijana wa miaka 20 aliyeitwa mwaka 1978 ameshavuka miaka 65, na wengi wa wenzake wamekwisha zikwa. Wizara inaombwa ianze na uhakiki wa mgambo na bodi inayosafiri, na itangaze tarehe za kazi hizo mbili Nachingwea na Ruangwa. Nao wastaafu na familia zao wanahimizwa kuanza sasa kuandika majina ya vikosi, makamanda, tarehe na mashahidi, kwa sababu dai lililoandikwa wakati shahidi yu hai ndilo lenye nguvu.